Mkwe Bandani

Siku hiyo mjinga alikuwa Osiako mwenyewe, na heri tuseme mapema, kuku wasije wakasingiziwa.

Alikuwa amefika Bukura kwa mama mkwe wake, Pascalia, kuliwekea banda lake la kuku mlango unaofunguka wenyewe asubuhi na kujifunga jioni. Ubongo wa mlango ulikuwa kompyuta ndogo kama kiberiti, ikiendeshwa na Linux, mfumo wa bure ambao fundi yeyote anaweza kuupekua na kuutia mkono. Programu ya mlango aliiandika mwenyewe, miezi mitatu mizima. Saa tano akina mama wa kikundi cha Pascalia wangekuja kuutazama. Wakiupenda, wangeagiza ishirini.

"Mkwe, weka na komeo la mkono," Pascalia alisema kutoka nyuma ya migomba, maana mkwe na mama mkwe hawakaribiani.

"Mama, komeo ni la mtu anayesahau. Mashine haisahau."

Saa nne na nusu akaingia bandani kukaza skrubu. Kiwiko kikagusa waya. Kompyuta ikazimika, ikawaka tena, ikawaza kidogo. Mlango ukashuka, tap! Laptopu ya kuiamrisha alikuwa ameiacha nje juu ya stuli. Mkewe, Nafula, alikuwa sokoni. Aliyebaki nyumbani alikuwa mmoja tu, yule ambaye hakufaa kabisa kumwona mkwe amechuchumaa hivyo, ingokho mmoja, kuku wa kienyeji, akimnyea begani.

"Mama," akaita kinyonge. "Niko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya kuku."

Migomba ikacheka. Pascalia akaja kinyumenyume, leso usoni, akapapasa stuli, akaketi na laptopu mapajani akiwa amempa mkwe mgongo. Miaka thelathini alikuwa mpiga chapa ofisini. Osiako alimtajia amri ya kuuliza saa, na vidole vya mama vikawa vinamngoja.

"Herufi kubwa au ndogo?"

"Ndogo, mama. Linux haisamehe."

"Hata bosi wangu hakusamehe. Haya, inasema ni saa tisa usiku, Januari mosi, 1970."

Osiako akashika kichwa. Kompyuta ile haikuwa na betri ya saa. Ikizimika, huanza kuhesabu upya kutoka hapo, naye hakuwa ameandika mstari hata mmoja wa kuhakikisha kwamba saa ni ya kweli. Mashine ilidhani ni usiku, ikawafungia kuku walale.

Akamtajia saa sahihi. Mama akaichapa, tatata, na mlango ukapanda. Kuku wakatangulia, Osiako akafuata, nywele zimejaa manyoya. Langoni akina mama walikuwa wanapiga hodi.

"Lakini mama, programu haikukosea," akasema akijipangusa mbio mbio. "Kwake ilikuwa usiku wa 1970, na usiku mlango hufungwa. Sasa komeo la nini?"

Pascalia hakugeuka.

"Mwaka huo sikuwa na binti wa kuoza, wala wewe hukuwa mkwe wangu; ungekuwa mwizi wa kuku tu. Weka komeo."