Mashine Inayotunza Sauti ya Mama

Mama ananiita Mjuaji, na wala si kwa kunisifu. Tangu afanyiwe upasuaji wa koo na sauti yake ipotee kabisa, huliandika jina hilo kwa chaki kwenye kibao chake, kisha hulipigia mstari.

Mashine yenyewe ni kisanduku kidogo kuliko tofali, kimekaa juu ya kabati la vyombo sebuleni. Ni seva ya nyumbani: kompyuta isiyo na skrini, kazi yake kutunza vitu vya familia kwenye diski iliyochomekwa ubavuni. Humo ndimo ilimo sauti ya Mama. Kabla ya upasuaji alijifungia chumbani wiki tatu, akarekodi faili mia mbili na kumi. Kuna ya siku mjukuu atakapofunga ndoa, ya siku mimi na dada tutakapogombana, hata moja iitwayo "mkichelewa-kurudi". Mimi sikuwa nimesikiliza hata moja. Moyo ulikataa.

Sasa Linux, mfumo unaoiendesha mashine hiyo, ilikuwa imezeeka na marekebisho ya usalama hayaji tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi mchana nikakaa na kompyuta yangu mezani, tayari kuipandisha hadi toleo jipya. Dada akapiga simu.

"Umenakili faili za Mama kwanza?"

"Nimenakili. Unadhani naanza leo?"

"Nauliza tu, mdogo wangu. Zikipotea hizo, usinitafute."

Nikakata simu kwa hasira, nikabonyeza kitufe.

Vifurushi vya programu elfu moja mia tatu na kumi na viwili vikaanza kushuka kutoka mtandaoni. Mimi ni fundi wa majokofu. Nikitaka kubadilisha kompresa, kwanza nalizima jokofu. Hii mashine ilikuwa inabadilishwa viungo karibu vyote, na huku bado inafanya kazi, taa yake ya kijani ikipepesa bila wasiwasi. Nilijiona mdogo. Yakapita maelezo ya mabadiliko, na chini ya kila moja jina la mtu: huyu karekebisha saa, yule herufi za lugha ambayo sijawahi kuisikia. Watu wasionijua hata kwa sura, na kazi ya mikono yao ilikuwa inaingia sebuleni kwetu.

Mama alisogeza kiti. Akaandika: *Nani anawalipa?*

"Wengine wana mshahara, Mama. Wengi wanajitolea tu."

Aliyatazama majina yakipita, kwa muda mrefu, midomo yake ikiyasoma moja moja. Kisha akaandika: *Mungu awazidishie.* Sikuweza kumtania. Na mimi nilikuwa nimeshikwa na kicho hicho hicho.

Baadaye akafuta, akaandika tena: *Nakala iko wapi?*

Nikanyoosha kidole kwenye diski.

*Na zenyewe?*

Kidole changu kilibaki pale pale. Nilikuwa nimezinakili kwenye folda nyingine, ndani ya diski ile ile. Mama alichukua chaki, akaandika jina langu, na safari hii akalipigia mistari miwili.

Kusimamisha kazi katikati kungekuwa kuongeza balaa juu ya balaa, na kuichomoa diski wakati ule nako sikuthubutu. Tukakaa tunatazama asilimia zikipanda, mimi nikiomba dua zote ninazozijua. Kazi ikaisha, mashine ikajizima ili iwake upya. Taa ya kijani ikafa. Sijui zilipita dakika ngapi. Mama alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

Taa ikarudi. Nikaingia tena kwenye mashine kupitia kompyuta yangu, mbio mbio, nikafungua mahali pa faili. Patupu.

"Mama, nisamehe," nikasema.

Alinigusa bega, akanionyesha skrini: fanya kazi.

Nikatulia, nikasoma mstari kwa mstari. Diski ilikuwa hai. Ila mfumo mpya ulikuwa umeipa jina jingine, na ile orodha inayoeleza diski gani ifunguliwe wapi ilikuwa bado inalitafuta jina la zamani. Nikabadilisha mstari mmoja tu. Faili zikajaa kwenye skrini, mia mbili na kumi, na folda yangu ya kijinga pembeni. Nikalia waziwazi kama mtoto.

Mama alinipangusa kwa upande wa kanga yake. Halafu akagusa faili ya kwanza kabisa, isiyo na jina bali tarehe tu. Tangu upasuaji hakuwahi kutaka kujisikia. Nikamtazama mara mbili, naye akaitikia kwa kichwa: fungua.

Ndani ya rekodi kikasikika kiti kikiburutwa, kisha kikohozi kidogo. Kisha sauti yake, nene, yenye mkwaruzo wa asubuhi, ikaijaza sebule.

"Hodi wenyewe!"

Ikanyamaza. Mama yangu hakuweza kuzungumza na mashine bila kubisha hodi kwanza, na akiisha kubisha hasemi neno mpaka ajibiwe. Siku ile ya kurekodi alikuwa amekaa kimya mle chumbani, peke yake, akiwapa nafasi watu ambao hawakuwepo.

Pembeni yangu Mama alikuwa amefungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akanipiga kiwiko.

"Karibu, Mama," nikasema. "Karibu ndani."

"Ahsante, mwanangu," ikajibu sauti.