Vikombe Vitatu vya Chiriku

"Bibi, hesabu unawafundisha kwa kitu gani, mbona daftari silioni?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu, fundi cherehani wa chumba cha pili, siku ya kwanza aliponiletea binti yake nimwangalie yeye akiwa kazini. Nikamjibu kwamba nafundisha kwa chochote. Sufuria na mfuniko wake, kandambili za kushoto na za kulia, ngazi za mlangoni. Shule yangu mimi ni ya msingi tu, lakini nimelea wanne, nikamzika na baba yao, na wote waliingia darasa la kwanza wakijua kuhesabu. Fundi akacheka, akasema basi kwake vifungo havikosekani. Kesho yake akaleta kopo zima.

Mtoto alikuwa na miaka minne, mwembamba kama uzi wa mama yake, na mdomo hautulii. Tukamwita Chiriku. Mjukuu wangu wa kike, wa umri huo huo, tulishazoea kumwita Bonge. Niliwatungia hadithi ya kuku mwenye vifaranga watatu, anayegawa punje: moja kwako, moja kwako, na moja kwako, halafu anarudi mwanzo. Vifungo ndivyo vilikuwa punje. Kifaranga mmoja akilia, wanajua kuku kakosea, wanaanza upya. Chiriku alishika upesi. Mwezi wa pili ulimkuta anaweza kukuambia nani kazidi, na kazidi kwa ngapi.

Na kila asubuhi mama yake aliniachia chupa ya maziwa. Hospitali walimwambia uzito wa mtoto hauongezeki, apate vikombe vitatu kwa siku. Mwenyewe alikuwa akishinda na chai kavu kwenye cherehani ili chupa ijae. Alinieleza kama mzaha, eti yeye ameshakua, hana tena pa kurefukia.

Sasa niseme. Siku moja Bonge alililia kikombe cha mwenzake, nikampa funda. Mtoto wa watu anywe, wa kwangu atoe macho? Nilijiambia Mungu hawezi kunikasirikia kwa funda moja. Funda likawa kikombe, kikombe kikawa viwili. Cha tatu ndicho kilichomfikia mwenyewe. Kisha naosha chupa mpaka inang'aa, naiweka rafuni, naenda kusali. Kila mwezi mama mtu alirudi kutoka hospitali kichwa chini, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa pole. Nilimwambia kuna watoto ambao maumbile yao ndiyo hayo.

Halafu siku moja fundi kitambaa kilimwishia kazini, akaja mchana. Alikaa chini, akamwaga vifungo mkekani, akamwambia binti yake, "Haya mwalimu, nifundishe na mimi."

Chiriku hakuanza na kuku. Alichagua vifungo vitatu vyeupe, akavipanga mstari.

"Haya ni maziwa yetu," akasema. Akasukuma viwili mbele ya Bonge, kimoja akajivutia. "Bonge kazidi. Kazidi kimoja."

Mama yake alimpigia makofi. Nilikuwa nikimtazama: furaha ilimwenea usoni, kisha mikono ikapunguza mwendo, ikasimama hewani. Akageuka kwangu. Nadhani alikuwa ananitafutia mlango wa kutokea, maana aliuliza kwa upole kabisa:

"Hiyo ni hadithi tu, siyo, bibi?"

Neno moja la kweli lingetosha. Mimi nilimgeukia mtoto.

"Umekosea, mjukuu wangu. Hesabu tena."

Chiriku alikunja uso. Aligusa vifungo kimoja kimoja, midomo ikicheza, akapata vilevile. Akaniangalia. Miezi yote ile, kila nilipomwambia ahesabu tena, alikuwa kweli amekosea. Hakuwa na sababu ya kudhani kwamba leo mwenye kosa ni mimi. Taratibu akanyoosha mkono, akavirudisha vile viwili vya Bonge, akavikusanya vyote vitatu mbele yake, na macho hayakubanduka kwangu.

"Hivi?"

Bonge ndiye aliyejibu, mjukuu wangu asiye na hatia.

"Hapana. Viwili vyangu. Bibi ananipa kila siku."

Kifungo kimoja kilizunguka juu ya mkeka, kikalala. Fundi hakunitazama tena. Alimshika Chiriku kidevu, akamwinua uso.

"Hukukosea, mama," akamwambia. "Ulihesabu sawa."

Alisimama, akachukua chupa rafuni. Mchana ule ulikuwa bado mbichi, na chupa ya maziwa ya siku nzima nilishaiosha. Akaiinua kwenye mwanga, akaiweka kwenye mkoba. Vifungo aliviacha pale pale. Kisha akainama, akamnyanyua mtoto wa miaka minne kwa mkono mmoja, kama anayenyanyua nguo iliyokauka kambani, akatoka.