Karata za Koplo Clemens

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka kwenye nyasi za Tujitegemee, Koplo Clemens aliwapanga watu wa mgambo mistari minne mbele ya ofisi ya kijiji, akatoa karata kwenye mfuko wa koti na kuanza kuzichanganya. Alizichanganya kwa ustadi wa mtu aliyekaa jeshini miaka mingi bila kuona vita. Kisha akapita mstari kwa mstari, na kila mtu akachomoa moja.

Kanuni aliifundisha siku ya kwanza. Kopa ni pushapu. Uru ni kuchuchumaa na kusimama. Shupaza ni kuruka kichura. Pau ni kukimbia papo hapo, magoti yafike kiunoni, na kila alama ni hatua ishirini. Namba ya karata ndiyo hesabu, bibi akiwa kumi na mbili na mfalme kumi na tatu. Mtu akimaliza anarudisha karata yake na kuchomoa nyingine, hivyo hivyo mpaka jua lifike kwenye bati la ofisi.

"Mwili ukizoea, unalala," Koplo alisema. "Karata haizoeleki. Na hapa hatuhitaji vyuma. Kila mtu anabeba uzito wake mwenyewe, na huo hauwezi kuisha ghalani."

Josefina, mjane wa miaka arobaini na miwili, alikuwa mstari wa pili. Alipiga pushapu zake huku anaona jembe lake limeegemea ukuta wa nyumba, na hasira ikampanda. Mkulima ana njaa, mvua iko njiani, na anaambiwa ajinyanyue mwenyewe kutoka chini, ajirudishe chini, ajinyanyue tena. Kama huko si kutwanga maji kwenye kinu, basi hajui ni nini.

Walihamishwa Agosti, mwaka ule wa sabini na nne, kwa lori, kutoka Kasonko, maili kumi na mbili kwenye barabara ya kwenda Matai. Lori halikuwa na nafasi ya vihenge, kwa hiyo mbegu ya ulezi ilibaki. Na ntumba zilibaki. Kila Mfipa anajua ntumba ni nini: Machi, ardhi ikiwa bado laini, unafukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, unayaacha yaoze miezi yote ya kiangazi, na mvua za Novemba zikianza unayavunja, unayatawanya na kumwaga ulezi. Nusu ya kazi iko chini ya udongo tayari. Kumhamisha mtu Agosti ni kuepua chungu kabla chakula hakijaiva, halafu kukimwaga. Aliyechagua mwezi ule hakuwahi kutengeneza ntumba hata moja, na Josefina angependa sana kuyaona mikononi mwake yale malengelenge.

Nyumbani alikuwa na mama mkwe wake, Bibi Bertilla, aliyekula ugali wa ulezi maisha yake yote. Kijiji kilikuwa kinapewa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano uliotoka ng'ambo kwa meli. Bibi Bertilla aliujaribu siku tatu. Ulipita tumboni mwake ukatoka kama ulivyoingia.

"Mwanangu," alimwambia Josefina, "nitasubiri wa kwetu."

Kutoka nje ya kijiji kulihitaji barua ya kibali, na barua alikuwa anaandika Katibu Modesti, na Katibu Modesti hakuwa anaandika.

Wiki ya pili ya Novemba alipita Selemani, dereva wa lori la duka la baba yake mjini Sumbawanga, akipeleka chumvi na mafuta ya taa Kasanga. Alikuwa na desturi ya kusimama kwa Bibi Bertilla.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Za njiani?"

"Njema. Hivi kule kwenu Kasonko nani analima?"

"Hakuna mtu," alijibu Josefina.

"Basi matuta yanajivunja. Nilisimama kupoza injini, nikaona ntumba inabonyea, inatawanyika, halafu ya pili yake. Nikahesabu tisa. Halafu yakaacha."

"Saa ngapi?"

"Saa moja kasorobo."

Saa moja kasorobo asubuhi ile Josefina alikuwa amechomoa tisa ya kopa.

"Ni mimi," akasema.

Selemani akatikisa kichwa, akauliza kama kuna maji ya kutia kwenye rejeta.

Haikuchukua muda watu wakajua mengine. Pau ilikuwa inapanda: aliyekimbia papo hapo, mbegu ilitoka kihengeni kwake na kumwagika shambani kwake, hatua kwa hatua. Uru ilikuwa inapalilia. Shupaza ilikuwa inafukuza nguruwe pori na nyani. Kila mtu kwenye shamba lake, bila kukosea mpaka. Hakuna aliyepiga yowe. Nguvu za mtu zinakujua kwao, walisema wazee, zinakwenda hata mwili ukizuiwa.

Tatizo ni kwamba walianza kuzipenda karata. Zamani mtu akichomoa mfalme aliguna. Sasa aliyepata mbili ya kopa alikaribia kulia. Walibadilishana kwa siri, uru kwa pau, kulingana na shamba lilivyohitaji. Januari, magugu yalipochachamaa, watu arobaini walikuwa wanachuchumaa na kusimama bila kuhimizwa, mashavu yamebonyea kwa njaa, wakimwomba Koplo awape nyingine. Koplo Clemens hakuwa mtu mbaya. Aliamini amepata askari.

Katibu Modesti aliandika taarifa, akaipeleka mjini. Machi wakaja wageni kwa Land Rover mbili, wakatazama, wakapiga makofi. Mgambo uliokuwa uishe Pasaka ukaongezwa mpaka mwisho wa Juni, kwa sababu ya moyo wa wananchi. Hapo kosa lilikuwa lao, na Josefina hakujificha nyuma ya mtu. Walimwonyesha mwenye nguvu kwamba wanafurahia.

Mwisho wa Mei Selemani alileta suke moja la ulezi kwenye mfuko wa shati. Lilikuwa limeiva, jekundu, limekunja vidole. Bibi Bertilla alilitafuna asubuhi nzima, punje moja moja, na wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwepesi kiasi kwamba Josefina alimbeba nje kuota jua kwa mkono mmoja.

"Shamba zima liko hivi," Selemani alisema. "Limeinama."

Lakini katika karata zote hamkuwa na ya kuvuna. Ulezi hukatwa kwa kisu kidogo, suke kwa suke, na vidole vya mtu. Pushapu haikati, kichura hakikati. Josefina akamwendea Koplo.

"Ndugu Koplo, tuongezee zoezi moja. La kukunja na kukunjua vidole tu. Jokari hazina kazi, zipe hiyo."

"Jokari ni mapumziko," alisema Koplo. "Ila nitamuuliza Katibu."

Katibu Modesti aliitwa, akasikiliza habari yote tangu ntumba ya kwanza. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza swali moja.

"Ekari ngapi?"

Josefina alimwambia.

"Ndugu Josefina, jembe hukushika. Kibali hukuwa nacho. Kazi iliyofanyika saa za mgambo ni kazi ya mgambo, na mgambo ni wa kijiji."

"Mbegu ilikuwa yangu. Ntumba nilizifukia mimi kabla hamjaja."

"Ndiyo maana tunakupongeza."

"Mama yangu hali kitu, Katibu."

"Unga upo," alisema, na hapo alikuwa anasema kweli, unga wa yanga ulijaa mpaka mlangoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu alimjua kwa jina, na hilo ndilo lililomchoma Josefina zaidi.

Jumatatu iliyofuata alichomoa jokari. Tangu mgambo uanze Oktoba alikuwa hajawahi kuipata. Aliinyanyua juu ili wote waione.

"Nimepata mapumziko. Nakwenda Kasonko na kisu changu, jioni nitakuwa nimerudi."

"Mapumziko yanafanyika hapa," alisema Koplo Clemens, bila ukali, akamwonyesha benchi la ofisi. "Kanuni ni kanuni, ndugu."

Kwa hiyo Josefina alikaa benchini kwa amri, mikono juu ya magoti, mpaka jua likafika kwenye bati. Hapo ndipo lori lilipoingia likitokea upande wa Matai. Juu walikuwa wamekaa vijana wa kambi ya mbali, walioletwa kuvuna Kasonko, na chini yao ulezi umefunikwa turubai ambalo halikutosha. Selemani ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alishuka, akatazama matairi.

"Wamelikodi, mama," alisema. "Mimi naendesha tu."

Katibu Modesti alisimama ngazini akatangaza kwamba huo ni mchango wa Tujitegemee, kijiji kilicholima bila majembe. Aliomba makofi na akayapata. Suke moja lilidondoka karibu na benchi. Josefina aliinama kuliokota, na Koplo akamkumbusha kwamba bado yuko mapumzikoni. Lori likaondoka kwenda mjini.

Bibi Bertilla alifariki Alhamisi, mchana, akiwa ameketi. Kabla ya hapo alikuwa ameomba jambo moja tu, alazwe Kasonko pembeni ya mumewe. Josefina alikwenda kuomba kibali cha maiti. Katibu Modesti alisema pole, na alionekana kumaanisha, halafu akasema kijiji kina makaburi yake, yamekwisha kupimwa kwa kamba, mistari imenyooka, na kinachokosekana ni mtu wa kwanza. Bibi Bertilla akawa mtu wa kwanza, namba moja mstari wa kwanza.

Kesho yake Josefina alikuwa kwenye mstari wa pili kama kawaida. Alichomoa mfalme wa kopa. Akashuka chini. Alipiga zote kumi na tatu kwa hasira ambayo hakuwahi kuitia kwenye jembe, akiisukuma ardhi kama mlango uliofungwa mbele ya mgonjwa. Akarudisha karata, Koplo akazichanganya, akachomoa tena, ikawa mfalme wa kopa. Alichomoa mfalme wa kopa mpaka jua lilipofika kwenye bati.

"Huo ndio mgongo ninaoutaka," Koplo Clemens aliwaambia wengine. "Mtazameni Ndugu Josefina."

Selemani alipita Jumanne. Safari hii hakuuliza maji. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kwa sababu hakukuwa tena na mtu wa kumwamkia.

"Kule Kasonko," alisema, "pembeni ya kaburi la mzee, kuna shimo. Limechimbwa vizuri, kuta zimenyooka, kimo cha mtu. Udongo umewekwa upande mmoja. Halina mtu ndani."

"Najua," alisema Josefina.

"Nilifukie nikipita?"

"Liache."

Selemani akavaa kofia, akaenda zake Kasanga.

Asubuhi iliyofuata Josefina alichomoa saba ya shupaza. Alichuchumaa, akaweka mikono nyuma ya shingo, akaruka kichura mara saba, kisha mara tatu zaidi ambazo hakuna aliyemwamuru, ili nguruwe wasiingie shimoni.