Adui wa Ukuta wa Itendele

Tuntufye Mwaisumo, afisa utalii, alikuwa na njia moja ya baiskeli na hofu moja ya ng'ombe. Mambo hayo mawili yalihusiana. Mkuu wake wa kazi alikuwa amemweleza kwamba dawati la utalii halijaleta mgeni hata mmoja Sumbawanga. Kama njia ya baiskeli isingepata wateja kiangazi hicho, dawati lingefungwa, naye angehamishiwa idara ya mifugo, asimamie majosho ya kuogeshea ng'ombe. Tuntufye alitoka Tukuyu, ambako mtu huona haya kukiri kwamba anaogopa ng'ombe. Hakuwahi kukiri.

Njia yenyewe aliipanga kwa uangalifu. Ilianzia mjini, ikapita ubavuni mwa milima ya Mbizi, ikateremka kwenye nyasi hadi kijiji cha kale cha Itendele, kisha ikapanda kilima cha mwisho na kurudi mjini. Itendele ilizungukwa na ukuta wa udongo uliojengwa zamani za vita. Sasa ukuta ulikuwa umeota nyasi, na handaki lililouzunguka lilikuwa limefukiwa nusu na mvua. Familia nyingi zilikuwa zimehamia barabarani. Chache zilibaki ndani, zikiongozwa, bila uchaguzi wowote, na Mama Bertilla.

Tatizo lilikuwa desturi. Aliyeingia ndani ya ukuta hakutoka kabla hajala. Zamani, mtu aliyeingia, akatazama, akatoka bila kula, alihesabiwa kuwa mpelelezi. Vita vilikwisha, chakula kikabaki.

Dominika, mwanamke wa Arusha aliyetafutia kampuni moja njia mpya za baiskeli, alikuwa ametoa sharti moja: waendeshaji warudi mjini kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo Tuntufye alikwenda Itendele mapema kufanya mazungumzo. Alifuatana na Godbless, dereva wa ofisi.

"Shikamoo, mama," alisema Tuntufye, akichuchumaa na kupiga makofi taratibu kama alivyofundishwa.

"Marahaba, baba. Mmekula?"

"Tumekula, mama. Tumeshiba kabisa."

"Basi mtakula kidogo," alisema Mama Bertilla, akaingia jikoni.

Hicho kidogo kililetwa na watu wawili. Kulikuwa na ugali wa ulezi, maharage, na migebuka, samaki wa ziwani kutoka Kipili. Godbless alinawa kwa bidii.

"Mama," Tuntufye alianza, "Jumamosi nitapita na wageni wa baiskeli. Wana haraka. Hawataweza kula."

"Wanaumwa?"

"Hawaumwi. Wako kwenye baiskeli."

"Baiskeli inawazuia kufungua mdomo?"

Godbless alicheka, akapaliwa na ugali. Tuntufye alisubiri hadi kikohozi kilipokwisha.

"Nina pendekezo. Mmoja ale kwa niaba ya wote. Godbless huyu anaweza."

"Naweza," alisema Godbless, ambaye mdomo wake ulikuwa bado umejaa.

Mama Bertilla alifikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Wakiingia wanne, akala mmoja, wale watatu ni akina nani?"

Tuntufye alimega tonge jingine.

"Wapelelezi," Godbless alimsaidia.

"Huyu dereva wako ana akili," alisema Mama Bertilla. "Mlango ni mmoja, baba. Kila anayekuja Itendele hupita mlangoni."

Tuntufye aliichukua kauli hiyo kama taarifa ya jiografia. Ndani ya gari alikuwa na furaha.

"Hatutaingia," alisema. "Desturi inamhusu anayeingia. Sisi tutazunguka kwa nje, ukingoni mwa handaki. Pana njia nzuri ya mbuzi."

"Bosi, mimi si mtu wa hapa," alisema Godbless. "Lakini mtu anayezunguka nyumba ya watu bila kupiga hodi, kwetu tunamwita mwizi."

"Kwetu tunamwita mtalii."

Jumamosi upepo wa Ufipa ulivuma kama kawaida yake, yaani bila huruma. Dominika alikuja na wenzake wawili. Alikuwa mfupi, mwenye miguu ya mtu asiye na mzaha. Alipanda ubavu wa Mbizi huku akizungumza, wakati Tuntufye alipanda huku akipumua tu.

"Njia ni safi, kaka Tuntufye," alisema walipoanza kuteremka. "Lakini ni ya kawaida. Miteremko ninayo Arusha. Upepo pia ninao. Nitauza nini?"

Tuntufye aliona josho mbele ya macho yake, na ng'ombe wamepanga foleni.

"Kuna ukuta," alijibu haraka. "Na kuna kilima cha mwisho."

Ukuta ulipotokea, Dominika alisimamisha baiskeli. "Huo ni mzuri. Tunaingilia wapi?"

"Hatuingii. Tunauzunguka."

"Kwa nini?"

"Ratiba."

Walianza kuzunguka. Juu ya ukuta, Mzee Kasimiri, mume wa Mama Bertilla, alikuwa akianika ulezi. Aliona vichwa vinne vyenye kofia ngumu vikipita kando ya handaki. Aliwakaribisha. Tuntufye alijua kwamba akiitikia atasimama, na akisimama atakula. Aliinamisha kichwa akakanyaga pedali. Wengine walimfuata, kwa sababu yeye ndiye kiongozi.

Mzee Kasimiri alishuka, akachukua pembe ya kuitia watu kazini, akaipuliza. Watu waliokuwa wakipura ulezi walitoka mlangoni na fito zao mikononi. Baadhi walikuwa wakicheka. Mama Bertilla hakucheka. Alisimama katikati ya njia ya mbuzi, ameshika mwiko.

"Simameni! Mmezingirwa!"

Breki za Dominika zilikuwa nzuri. Za Tuntufye zilikuwa za ofisi. Alipita kushoto kwa mwiko, akaacha njia, akatumbukia handakini pamoja na baiskeli.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka chini.

"Marahaba, adui."

"Mama, ni mimi. Afisa."

"Nakuona. Ndiyo maana nashangaa. Maadui wa zamani walizunguka ukuta huu kabla hawajala kwangu. Wewe umekula kwanza."

Baiskeli zilibebwa, mateka wakaingizwa kwa mlango ule mmoja. Wageni walikalishwa kwenye mkeka mzuri. Tuntufye alikalishwa peke yake, kando ya zizi.

"Mgeni hula mpaka ashibe," Mama Bertilla alitangaza. "Mateka hula mpaka sufuria iishe."

"Sheria hiyo ni ya lini?" aliuliza Dominika.

"Ya leo," alisema Mzee Kasimiri, akampitishia maharage.

Walikula. Mzee Kasimiri aliwaonyesha mahali ambapo babu yake alisimama na mkuki, na mahali ambapo babu huyohuyo alijificha. Tuntufye hakusikia mengi. Ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa ametoa kichwa zizini na kuanza kulamba kofia yake ngumu, kwa utulivu, kama mtu aliyepata chumvi. Tuntufye alikaa wima. Alijua kwamba huo ndio mwanzo wa kazi yake mpya.

Mchana ulipita. Dominika alijaribu kupanda baiskeli yake, akashindwa, akarudi mkekani, akalala chali.

"Kaka Tuntufye, njia bado inaendelea?"

"Inaendelea, dada. Kilima cha mwisho kina mandhari ya..."

"Haiendelei. Njia inaishia hapa. Mtu aliyekula hivi hapandi kilima. Gari lije kuwachukua."

"Kwa hiyo umeikataa."

"Sijaikataa. Nimezunguka kuta nyingi kwa baiskeli. Huu ndio wa kwanza kunikamata." Aligeuza kichwa. "Mama, nikileta kundi mwezi ujao, mtawakamata hivihivi? Wazunguke kwanza, wasiambiwe kitu."

Tuntufye aliacha kupumua. Ng'ombe aliendelea kulamba.

"Hapana," alisema Mama Bertilla. "Leo mmekosea, tumewasamehe. Mkirudia kwa makusudi mtakuwa mnatuchezea. Mgeni apite mlangoni, apige hodi, ale."

"Lakini bila adui hakuna ninachoweza kuuza."

Tuntufye alimtazama Mama Bertilla kwa macho ya mtu anayezama. Mama alimtazama yeye kwanza, kisha akamtazama ng'ombe, kisha akatazama jinsi afisa alivyokaa wima kama fito. Alikuwa amefuga maisha yake yote. Hofu ya ng'ombe aliijua akiiona.

"Wageni watapita mlangoni," alisema polepole. "Adui atakuwa mmoja. Awe yule tunayemjua."

Kila mtu alimgeukia Tuntufye.

"Nakubali," alisema Tuntufye, kabla mtu hajamuuliza.

Dawati la utalii halikufungwa. Kundi la kwanza lilipofika Itendele, lilipiga hodi, likala, kisha likapanda juu ya ukuta kushuhudia vita. Tuntufye alitokea upande wa mashariki, ameinama, anakanyaga kwa nguvu zote. Pembe ikalia. Wapura ulezi walimfuata kwa vigelegele. Alikuwa amefunga breki mpya, lakini Mama Bertilla alimwonyesha handaki kwa mwiko, naye akatumbukia kwa hiari.

"Adui hajambo?"

"Hajambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sufuria ni ile kubwa."

Alikalishwa mahali pake palepale, kando ya zizi. Ng'ombe mwekundu alitoa kichwa mapema, akaanza na sikio la kushoto. Godbless, aliyekuja na gari kuwachukua wageni, aliuliza kutoka mkekani kama bosi wake ameanza kumzoea.

"Yeye amenizoea," alisema Tuntufye, akiwa bado amekaa wima. "Nipitishie maharage."