Mayai Viza

Mama Vifaranga aliingia ofisi ya wasimamizi wa umeme na trei ya mayai mkononi, na kwa hasira aliyokuwa nayo angeweza kuyachemsha bila moto. Mlinzi alimuuliza kama anauza.

"Nazika," akamjibu, akapita.

Miaka yote mji mzima ulinunua umeme kwa Kampuni Kubwa, yenye nguzo na yenye waya. Kisha ikatangazwa kwamba soko limefunguliwa, kila mtu anunue kwa amtakaye. Redio ziliimba ushindani mpaka zikakauka koo. Shemeji yake ndiye aliyemsukuma ahamie Kampuni Mpya. "Shemeji, hama! Wakishindana wao, tunakula sisi."

Akahama. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba ukibadilisha muuzaji, umebadilisha na waya. Waya ulibaki wa Kampuni Kubwa. Fundi wao alikuja siku ya kumhamisha, akapanda nguzo, akakata, akashuka, akaenda zake. Kuunganisha, alisema, si kazi ya leo.

Akapiga simu Kampuni Mpya. "Umeme wako upo, mama, ila waya si wetu." Akapiga Kampuni Kubwa. "Wewe si mteja wetu tena." Wakampiga danadana huku mashine yake ya kutotolesha vifaranga vya biashara ikipoa, na mayai yalikuwa yamefikia kudonolewa kwa ndani, ukiliweka moja sikioni, unasikia kifaranga. Yeye na shemeji yake waliyafunika mablanketi, wakawasha jiko la mkaa.

"Ungekuwa na manyoya, shemeji, ningekukalisha humo," alimwambia, maana huyo hakukosa la kulaumiwa.

Asubuhi aliweka yai sikioni. Kimya. Akaweka jingine. Alilia kwa uchungu, kisha akaomba miadi na wasimamizi. Wakampa ya wiki tatu mbele, muda ule ule kuku anaoutumia kumaliza kazi yake.

Afisa alimkaribisha kwa upole. "Pole sana, mama. Soko letu bado changa. Ushindani ni kama yai, lazima tuuatamie. Tuwape muda."

"Mwenye waya anamkatia mteja aliyemkimbia, halafu nyie mnaita hilo soko?"

"Tumewaandikia, mama."

"Wamejibu?"

Afisa akarekebisha tai.

"Mwanangu, umewahi kuatamisha?" Aliwasha taa ya mezani, akashika yai moja mbele ya mwanga. "Angalia. Lililo hai hucheza. Hili limelala. Hata ulikalie mwaka mzima, halitoi kitu. Hili ni viza, na kuku mwenyewe akishajua hulisukuma nje ya kiota. Nyie bado mmelikalia."

Taa ikazimika. Jengo zima likawa giza. Afisa hajamaliza kusema "samahani," jenereta ikanguruma uani, taa ikawaka, kiyoyozi kikaendelea kupuliza kama hakuna kilichotokea.

Mama Vifaranga aliitazama ile taa.

"Kumbe nyie mna wa kuwaatamia."

Akaisukuma trei katikati ya meza, juu ya makaratasi. "Basi haya nawaachia. Yapeni muda."

"Mama, haya siwezi kuya..."

Hakugeuka. Alipofika kwenye ngazi alisikia moja likipasuka, kisha sauti ya mtu akikohoa, na madirisha yakifunguliwa kwa pupa, moja baada ya jingine.