Robo Saa ya Kibaoni

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga juu ya moto. Mashavu akakituliza kwa pindo la khanga asije akaamsha mtu, ingawa katika nyumba ile hapakuwa na wa kuamshwa. Alikula daku lake nusu, akaacha. Jana jioni utingo wa basi la Handeni alikuwa ameinama sikioni mwake na kumnong'oneza: "Mama, kesho asubuhi tunakuletea Zamda. Mkunga ameshindwa. Inabidi afike hospitali Korogwe."

Zamda alikuwa mwanawe wa pekee aliyebaki. Mashavu hakumwambia mtu. Kwa wazee wake, uchungu wa mwanamke hautangazwi mpaka mtoto alie, maana si kila sikio linakutakia mema.

Kulipokucha alifagia mbele ya kibanda chake, akaweka viti viwili nje. Mahali pale paliitwa Kibaoni kwa sababu ya ubao wa mpaka uliosimama kando ya barabara, upande mmoja Handeni, upande mwingine Korogwe. Kila wilaya ilikuwa na basi lake na mgawo wake wa mafuta, na tangu mafuta yaadimike, hakuna basi lililovuka ubao. Abiria walishuka hili wakapanda lile. Likikosekana lile, walilala chini kwenye majani.

Kwa miaka mingi aliyeyakutanisha mabasi hayo alikuwa Mashavu na uji wake. Basi la Korogwe likitangulia, dereva wake Hiza akaomba uji, Mashavu alijibu, "Bado haujachemka, baba," hata kama umechemka mara mbili. Akiona Hiza anataka kuondoka, huzua jambo. Shangazi yake yumo ndani ya basi la Handeni. Mjomba wake, kipofu. Mgonjwa wa jirani. Vumbi la Handeni likionekana, uji humiminwa mara moja, na watu wasiomjua hata jina wakafika walikokuwa wakienda. Hiza alijua kwamba anadanganywa, akawa anacheka.

Lakini mwezi ule wakubwa wa wilaya mbili walikuwa wamekaa pamoja, wakapanga ratiba. Jambo jema, watu walilipigia makofi. Basi litakalotangulia lisubiri robo saa, kisha liondoke. Hiza alisubiri zaidi mara moja tu, akasimamishwa kazi wiki nzima. Na mwezi ule ulikuwa wa Ramadhani. Uji haukuwa na kazi asubuhi.

Basi la Korogwe lilifika jua likiwa bado changa. Wa kwenda Handeni wakashuka na vikapu vyao, na waliotoka vijijini kwa miguu wakapanda kwenda Korogwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Hiza. Funga inasemaje?"

"Inasema nyie Wazigua mkialikwa asubuhi mnafika alasiri. Dereva wenu Semboja yuko wapi?"

"Yuko njiani. Nanyi Washambaa mkiona tambarare mnakimbia kama mnafukuzwa. Keti."

"Sikai, mama. Robo saa."

Mashavu akamletea jembe lenye mpini uliolegea. Hiza akaokota jiwe, akagonga kabari mara tatu, jembe likapona. Mashavu akamwomba amtazamie paa upande wa nyuma. Hiza akatazama, akasukuma nyasi mahali pake, akarudi akipangusa mikono. Alikuwa mtu mwema, na siku zote wema wake ulikuwa wa haraka. Mashavu alitazama barabara ya Handeni. Ilikuwa nyeupe na tupu.

"Dereva!" aliita mzee mmoja kutoka dirishani. "Tumeambiwa robo saa. Leo ratiba imelala?"

"Na mimi nina kesi Korogwe," mwingine akadakia. "Hakimu hanywi uji wa Kibaoni."

Watu wakacheka. Hiza akashika mlango. Hapo Mashavu alimshika mkono wa shati.

"Hiza. Zamda wangu yumo ndani ya basi lile. Ana uchungu tangu juzi. Mtoto amekaa vibaya."

Hiza alimtazama. Usoni mwake palipita huruma, halafu uchovu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "wiki iliyopita alikuwa mjomba kipofu."

"Wiki iliyopita nilisema uongo."

"Umekuwa nami hapa muda wote, nimekugongea jembe, hukunena neno. Sasa natia funguo ndio uchungu unaanza? Hata ndani ya Ramadhani, mama?"

Mashavu angesema nini? Kwamba aliogopa masikio ya wale walioko dirishani? Alikuwa amewapa wageni maneno yake yote, na sasa hakubakiwa na la kumpa mwanawe.

Hata hivyo Hiza alisubiri. Tukumbuke hilo. Aliwasha injini, akaiacha ikinguruma, akasubiri kupita robo saa yake huku abiria wakipiga bati la ubavuni kwa viganja. Kisha akasema, "Mama, nikifukuzwa nikarudi shambani Ngombezi kukata mkonge, wanangu watakula miiba," akaondoka.

Vumbi lake lilikuwa halijatua vizuri, vumbi la pili likaonekana upande wa Handeni.

Basi la Semboja lilikuwa limefungwa matawi mabichi mbele, kama la harusi. Walioteremka kwanza walikuwa wanaume wanne wa kamati ya usafiri, waliokuja kushuhudia jinsi ratiba mpya inavyofanya kazi. Semboja alikuwa ameamriwa awasubiri Handeni mpaka mwenyekiti wao apatikane.

"Basi la Korogwe liko wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Limekwenda," Mashavu alijibu.

"Kwa wakati?"

"Kwa wakati."

"Vizuri sana," akasema, akawageukia wenzake akitabasamu.

Zamda aliteremshwa mwisho. Mumewe Mhina alimshika miguu, na kichwa chake kilikuwa mikononi mwa mwanamke wa Kimaasai, Nasha, ambaye hawakumjua. Alikuwa akienda Korogwe kwa dada yake. Njia nzima alikuwa amekaa sakafuni mwa basi ili mapaja yake yawe mto.

Semboja alipoona barabara tupu, alirudi kwenye usukani. "Nampeleka mimi."

"Mafuta ya Handeni hayachomwi Korogwe," alisema mwenyekiti. "Si mimi, ndugu yangu, ni kibali. Hata hawa wanaokusubiri hapa nao ni wananchi."

"Basi andika kibali!"

"Siwezi kuandika kwa ajili ya wilaya ya watu."

Walibishana. Mwenyekiti hakuwa mtu katili. Alivua koti lake akalikunja, akasema liwekwe chini ya kiuno cha mgonjwa, na mwishowe akatikisa kichwa na kusema, "Nenda, nitajibu mimi." Lakini walipokwenda kumnyanyua, Zamda alipiga ukelele, na Nasha akawazuia kwa kiganja. Haikuwezekana tena kumbeba popote.

Mtoto alizaliwa ndani ya kibanda, wa kiume, mwenye nywele nyingi. Hakulia. Nasha alimpulizia puani, akamsugua mgongo, akamgeuza, akampulizia tena, mpaka Mashavu alipomgusa bega kumwambia imetosha. Nasha akavua shuka yake moja na kumvika. Mhina na Semboja wakachimba nyuma ya nyumba. Abiria wa Handeni walikaa kwenye jua kali, na hakuna aliyeuliza basi litaondoka lini.

Hiza alirudi na safari ya jioni. Huenda alisikia njiani, kwa kuwa aliliacha basi mbali, akaja kwa miguu, kofia mkononi. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama. Nasha alimpa maji bila kuuliza ni nani, naye akayashika tu kikombeni.

"Mama."

"Karibu, Hiza."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Mimi ndiye niliyekufundisha kudhani hivyo. Futuru, maji hayo."

Hakunywa. Ndani, kitanda kililia.

"Mama, nani huyo?" sauti ya Zamda ilitoka, nyembamba, imekauka.

"Dereva wa Korogwe."

Kule barabarani injini ya basi ilikuwa inanguruma, watu wamejaa, na hakuna aliyemwita dereva wake.

"Mwambie kesho asipite tu," Zamda alisema. "Ashuke, aje anione."

Hiza akainamisha kichwa kama aliyeona mlango ni mfupi.

"Na keshokutwa pia," ikasema ile sauti. "Mwambie aje."