Ukoka wa Masatu

Ufagio wa mama mkwe wangu niliuficha darini jikoni, nyuma ya chungu kilichovunjika mdomo, nikarudi kitandani nikajifunika gubigubi. Mtu mzima mimi, mjane, msomaji wa masomo kanisani, nimelala pale nikimsikiliza bibi kizee akipapasa ukuta alfajiri kutafuta kitu chake. Sikuona aibu hata chembe. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imezikwa hatua chache kutoka mlangoni.

Kulipopambazuka nikatoka nikijifanya sijui lolote. Mama Nyangi, ndiye huyo mkwe wangu, alikuwa ameshapata dawa ya hilo. Kando ya choo nilikuwa nimeotesha ile mimea migumu yenye viua vya njano, ambayo kila mwanamke wa Murangi anaijua kwa kuwa ndiyo tunayofungia mifagio. Aliing'oa yote. Aliifunga kwa kamba ya katani na sasa alikuwa anafagia nayo, viua vikipukutika nyuma yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ufagio wangu wameiba," akasema bila kuinua kichwa. "Wezi wa siku hizi hawachaguagi."

Alijua. Nami nilijua kwamba anajua. Hivyo ndivyo tulivyoishi mimi na yeye mwaka ule.

Nieleze vizuri, asije mtu akaniona mkwe mvivu. Nyumba yetu iko kwenye mteremko unaoshuka ziwani, na huku kwetu uwanja wa nyumba unafagiliwa kila siku mpaka udongo ung'ae. Jani likiota mbele ya mlango, wapita njia wanaanza kunong'ona, maana majani mlangoni ni ya mahame, mji uliokimbiwa au uliokwisha watu wake. Nilipoolewa, kabla hatujahamia mjini, nilifagia kama wenzangu, na nilifagia vizuri. Shida ilikuja baada ya kumzika mume wangu.

Masatu alikuwa fundi wa magari mjini Musoma, na tulikuwa tumepanga Mwisenge. Alifariki mwaka 1983, wakati maduka yamebaki na rafu na mwenye duka. Sabuni ya kumwoshea tulipewa na jirani, kipande kilichobaki kwenye kisahani. Saruji ilikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa cha wenye watu wao. Tukamleta nyumbani Murangi, vijana wakachimba, wakakuta mwamba. Wakasogea pembeni, mwamba. Mwishowe kaburi likaishia kimo cha goti, basi, tukamlaza humo katika sanduku lake la mbao, tukapandisha tuta kubwa la udongo juu yake na kusema saruji ikipatikana tutajengea.

Matanga yalipoanuliwa, Mama Nyangi alianza kulifagia kaburi. Alianzia mlangoni, akazunguka jiko, akamalizia kwa mwanawe, polepole, akimsemesha kwa Kijita. Alimpa habari za mbuzi, bei ya dagaa, nani kaoa na nani kaachika. Masatu alikuwa kifungua mimba wake. Mimi nilikuwa nikilala ndani namsikiliza, na nakiri kwamba sauti ile ilinifariji kuliko maneno yote niliyoambiwa msibani.

Lakini asubuhi moja mwaka uliofuata, mvua za vuli zilipokwisha, nilisimama pale nikaona tuta halipo. Lilikuwa limelingana na uwanja. Mfereji wa maji ya mvua uliokuwa njiani ulikuwa umejichimba kupanda mteremko na kufika miguuni pa kaburi. Nikachukua kijiti nikakichomeka ardhini. Kikagonga mbao kabla hakijazama urefu wa kiganja.

Nilikaa chini. Kila alfajiri yule mama alikuwa akimpunguzia mwanawe udongo, chembe kwa chembe, kwa mapenzi, na mvua ilikuwa ikimalizia. Masika moja tu, mume wangu angetoka nje. Na neno hilo ningemwambiaje mama aliyemzaa? Maneno mengine ukishayatoa hayarudi mdomoni.

Basi nikaamua kupambana na ardhi bila kumgusa mtu. Nikaanza na mawe. Maji yakazunguka mawe yakachimba pembeni. Nikarudishia udongo, mama akaufagia, akidhani mbuzi wameuparura. Ndipo nilipotazama nyuma ya jiko, mahali ambapo ufagio haukuwa ukifika. Kulikuwa na ukoka umetambaa na kushikana. Kulikuwa na kongwe, yale maua ya bluu yanayofunguka asubuhi na kujifumba jua likiwa utosini, na kila kifundo cha shina lake hutoa mizizi. Kulikuwa na mchunga na maua yake ya njano. Hakuna aliyevipanda, hakuna aliyevimwagilia, na udongo wake ulikuwa haujaenda popote.

Nikaanza kuvihamisha. Nilikata ukoka kwa jembe pamoja na udongo wake, nikaupanga kichwani pa kaburi, nikapenyeza vishina vya kongwe katikati. Kwenye mawe ya ziwani nilichimbua viazi vya lile ua jekundu la mviringo linalochomoza mvua za kwanza, nikavizika pembeni. Mama Nyangi akang'oa. Nikapanda tena. Akang'oa. Nikazungushia miiba upande wa kichwani, nikisema ni kwa ajili ya mbuzi, na kwa sababu mgongo wake haukumruhusu kuvuka miiba, upande ule ukapona. Upande wa miguuni aliendelea kufagia kwa hasira mpaka ukawa unang'aa mara mbili.

"Petronila, mwanangu," aliniambia jioni moja, kwa upole ulionichoma kuliko matusi. "Kama umechoka kukaa na mimi, sema urudi kwenu. Usimfanyie Masatu kama mtu asiye na ndugu."

Nikamwambia, "Sijachoka, Mama." Usiku ule nililia, si kwa huzuni, kwa hasira tu.

Kisha akaja shemeji yangu Magesa, mdogo wake Masatu. Biashara zilikuwa zimefunguliwa na yeye alikuwa amefunguka nazo. Aliuza mitumba kuanzia Bunda mpaka Kibara, na siku hiyo alikuja amevaa koti la nchi za baridi lenye manyoya shingoni, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Alizunguka kaburi akitikisa kichwa.

"Shemeji, watu wanaongea huko. Wanasemaga kwa kina Masatu pamekuwa mahame."

"Wamwambie Masatu, yuko hapo."

"Usinitanie. Saruji siku hizi ipo, maduka ya Musoma yamejaa. Mvua zikiisha naleta mifuko, tunajengea, basi."

Mvua zikiisha! Nilitaka kumuuliza atajengea nini mvua zikiisha, lakini mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua dagaa, masikio wazi.

"Nikirudi nikute uwanja safi," Magesa akasema akipanda baiskeli. "La sivyo naleta vijana na majembe, wakwangue haya majani yote. Mimi siwezi kuchekwa."

"Mwambie," mama akaitikia kutoka mlangoni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikuwa na ufa mmoja na watu wawili wa kuuchimba. Hapo ndipo nilipoficha ufagio, na mmeshaona ulivyonisaidia. Asubuhi ile ya ufagio mpya nilimfuata mpaka miguuni pa kaburi, nikasimama mbele yake.

"Hapa hufagii leo, Mama."

Aliinua uso. Tangu niolewe sikuwahi kumpandishia sauti.

"Wewe ulimpata ameshakua," akasema. "Mimi nilimbebaga. Nilimwosha, nilimfuta kamasi. Unataka nimwache mchafu?"

Akanipita, akafagia kati ya miguu yangu. Nilirudi nyuma ya jiko nikakata ukoka mwingine.

Siku chache baadaye, mchana tukila ugali, ziwa likawa jeusi upande wa Ukerewe. Upepo ukavuma, mabati yakaanza kupiga kelele, na masika ikaanguka kwa mkupuo mmoja. Tulisimama barazani, mimi na yeye, tunatazama. Kichwani pa kaburi maji yalipita juu ya ukoka yakiwa meupe, yakateremka taratibu. Miguuni yalipita mekundu. Mfereji ulimega ukingo, ukamega tena, na kipande kikubwa kikadondoka kwa sauti tuliyoisikia kupitia kelele za mvua. Kona ya sanduku ikaonekana, mbao nyeusi, maji yakiipiga.

Mama Nyangi alipiga yowe moja. Kabla sijamshika alikuwa mvuani, amepiga magoti, anazuia udongo kwa viganja viwili huku unampita kati ya vidole. Nilikimbia na jembe na magunia. Nilijaza mawe, nikatupa matope, nikang'oa ukoka wa nyuma ya jiko kwa vipande na kuvikandamiza kwa miguu, naye akivipokea na kuvipigapiga kwa mikono. Tulifanya kazi mpaka mbao zikafunikwa na maji yakapata njia nyingine.

Mvua ilipopungua alibaki ameketi kwenye matope, khanga imemgandia. Aliangalia upande wa kichwani, ukoka na vile viua vya bluu vilivyojifumba, kila kitu mahali pake. Akaangalia upande wa miguuni. Kisha akauangalia ufagio wake ulioegemea ukutani.

"Petronila. Ni mimi?"

Miezi yote ile nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo. Nilikuwa na hotuba nzima kifuani.

"Ni mvua, Mama," nikasema.

"Mvua imenyesha upande huu na upande ule."

Nilikaa kwenye matope pembeni yake nikamshika mkono, nao ulikuwa baridi na mdogo. Halafu akauliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata siku moja, mimi mwenye akili nyingi.

"Sasa kesho asubuhi nitamfanyia nini?"

Nikalia, mbele yake. Tangu vuli nilipigana kumnyang'anya ufagio na sikuwaza hata mara moja kwamba ndio pekee uliobaki kati yake na mwanawe.

Alfajiri iliyofuata niliamka nikamkuta amesimama uwanjani mikono mitupu. Alikuwa ameinama vilevile kama kila siku, na mikono ilikuwa ikienda huku na huku, kulia, kushoto, haina kitu. Hakujua kama namwona. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikajaza ndoo vishina vya kongwe na mabonge ya ukoka, nikaja nikaiweka mbele yake.

"Pandia miguuni," nikamwambia. "Mimi sijui alikuwa anapenda nini."

Alitazama ndoo. Akachukua kishina kimoja, akakichunguza kama anayenunua kuku sokoni, akapiga magoti. Alichimba kwa kidole, akapanda, akakandamiza. Alipofika cha tatu akaanza kumsemesha. Alimwambia jana kulinyesha vibaya. Alimwambia mkewe ni mbishi, mtu wa ajabu, lakini ana mikono mizuri. Nilijifanya sielewi Kijita, ingawa nilikuwa nimeishi nacho miaka yote ile.

Tangu hapo alipanda kila asubuhi. Alimaliza kaburi, akaendelea na mteremko, akazunguka mfereji, akakaribia mlango. Akawa ananituma kwenye mawe ya ziwani kumletea viazi vya lile ua jekundu, na nikileta vidogo ananifokea. Masika ilipiga mpaka barabara ya Bunda ikakatika, na kaburi halikupungua hata chembe. Mfereji wenyewe uliota mchunga ndani yake.

Magesa alirudi Jumamosi moja jua likiwa limetoka baada ya mvua. Alikuja na vijana kadhaa, kila mmoja na jembe begani, safari hii bila koti. Walisimama njiani. Ukoka ulikuwa umefika mlangoni, kongwe limefunguka bluu uwanja mzima, na maua mekundu yamesimama kuzunguka kaburi. Hakuna mahali palipoonekana udongo. Hata mimi, kwa macho ya mpita njia, ningesema watu wa hapa wamekwisha.

"Hodi!" Magesa akaita, nusu kwa utani na nusu kwa hofu. "Jamani, humu kuna watu?"

Mama Nyangi alikuwa amepiga magoti miguuni pa kaburi, na majani yalikuwa yamemficha mpaka mabegani. Akainuka polepole, mkono mmoja kiunoni, mwingine una matope. Akamwangalia Magesa, akawaangalia vijana, akayaangalia majembe.

"Hayo majembe yaacheni hukohuko njiani," akasema. "Humu tupo. Wote watatu."